Kwa nini jibu lako sahihi lilikosa alama

"Shikamoo mwalimu. Nasomea maabara, mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja hapa Dodoma. Hesabu niliiaga kidato cha nne nikidhani tumeachana, kumbe imenifuata. Kwenye jaribio tulipewa 3.2 × 10⁵ + 4.7 × 10⁴, nikaandika 7.9 × 10⁹, nikapata sifuri. Swali la pili lilisema: mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba 41,311, ukipata mvua ya milimita 570 kwa mwaka, ni mita za ujazo ngapi za maji zinazoshuka juu ya mkoa mzima? Nikapata 2.35 × 10¹⁰, jibu lile lile la mwalimu, lakini akanipa alama moja kati ya nne. Naona kama nimeonewa. Njia yangu ilikuwa hii: 4.1311 × 10⁴ mara 10³ ili kilomita ziwe mita, halafu mara 5.7 × 10². Tena kikokotoo changu huniandikia vitu kama 1.4E4, na mashine ya damu hospitalini inatoa namba za namna hiyo hiyo. Naomba unielekeze kama mtu asiyejua kitu."

Marahaba, binti yangu. Asante kwa kuniandikia njia yako yote badala ya jibu tupu, maana jibu tupu halionyeshi mguu ulijikwaa wapi. Nikuambie mapema ili moyo utulie: hujaonewa. Kwenye swali la mvua umefanya makosa mawili, kila moja la mara elfu nzima, na yakafutana. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo zito kuliko yote, lakini hutalishika vizuri kabla hatujaweka sawa ile jumla ya kwanza.

Zisome hizo namba kwa mdomo, kama unavyosoma bei. 3.2 × 10⁵ ni laki tatu na ishirini. 4.7 × 10⁴ ni elfu arobaini na saba. Tuseme mama mmoja pale soko la Majengo anakudai laki tatu na ishirini za karanga, na mwingine anakudai elfu arobaini na saba za mafuta ya alizeti. Deni lako lote ni bilioni saba na milioni mia tisa? Hicho ndicho ulichoandika, kwa sababu 10⁹ ni bilioni. Hapana, unadaiwa laki tatu na sitini na saba, yaani 367,000, na hesabu hiyo ungeifanya umesimama pale pale sokoni bila karatasi.

Nataka uone kwamba akili yako tayari inajua kazi hii. Kiswahili chenyewe kina ngazi ya vipeo, yaani zile tarakimu ndogo zinazoandikwa juu ya kumi: kumi ni 10¹, mia ni 10², elfu ni 10³, laki ni 10⁵, milioni ni 10⁶, bilioni ni 10⁹. Kabla ya milioni, kipeo cha nne ndicho hakikupata jina lake, tunakiita elfu kumi. Kila unapotaja bei ya kiwanja unataja namba ya mbele na kipeo chake, ila kipeo umekivalisha jina. Kwa hiyo ukikwama kwenye mtihani, itaje namba kwa sauti ya chini kama fedha, kisha uliza kama jibu lako lingekubalika sokoni.

Sasa utaratibu wa kwenye karatasi. Ukiwa na magunia matatu ya mtama na madebe manne pembeni, huwezi kusema una saba. Saba za nini? Lazima kwanza uviweke kwenye kipimo kimoja. Kama gunia lako ni la debe sita, magunia matatu ni madebe 18, ongeza manne, una madebe 22. Kipeo ndicho kipimo cha namba. 10⁵ ni gunia, 10⁴ ni debe, tofauti tu ni kwamba hapa gunia moja lina madebe kumi. Basi geuza debe liwe sehemu ya gunia:

4.7 × 10⁴ = 0.47 × 10⁵
3.2 × 10⁵ + 0.47 × 10⁵ = 3.67 × 10⁵

Vipeo vikishalingana, unajumlisha namba za mbele tu, kipeo kinabaki pale kilipo. Kutoa ni vivyo hivyo: 5.1 × 10⁶ ukitoa 8 × 10⁵ ni 5.1 ukitoa 0.8, jibu 4.3 × 10⁶. Mimi napendelea kuipandisha ile yenye kipeo kidogo ilingane na yenye kipeo kikubwa. Ukifanya kinyume utapata jibu lile lile, ila namba ya mbele inavimba na utalazimika kuirekebisha.

Ile 9 yako ilitoka wapi? Uliikumbuka kanuni ya kujumlisha vipeo, na kanuni hiyo ni ya kweli, ila ni ya kuzidisha. 10⁵ ni kumi tano zinazozidishana, 10⁴ ni kumi nne. Ukizizidisha pamoja zinakuwa kumi tisa kwenye mstari mmoja, 10⁹. Kwenye kujumlisha hakuna anayezidishana na mwenzake, kwa hiyo vipeo havina sababu ya kuongezeka. Usiikariri kanuni peke yake, ikariri pamoja na sababu yake, na hutaipeleka isikostahili.

Turudi nyuma kidogo, kwenye umbo lenyewe. Namba iliyoandikwa kisayansi ina sehemu mbili: namba ya mbele, ambayo haipungui 1 wala haifiki 10, na kumi yenye kipeo. Namba ya mbele inabeba tarakimu ulizopima. Kipeo kinasema uko kwenye maelfu, kwenye mabilioni, au kwenye sehemu ya milioni. Kazi hizo mbili usizichanganye kamwe.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 3,085,625 katika mkoa wetu wa Dodoma. Nukta ya desimali haijaandikwa, lakini ipo mwishoni, baada ya ile 5. Irukishe tarakimu moja moja mpaka ikae kati ya 3 na 0. Ni miruko sita, basi ni 3.085625 × 10⁶. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walipotea, kwa sababu mahali fulani walifundishwa kuhesabu sifuri. Mwishoni mwa namba hiyo hakuna sifuri hata moja, na kipeo ni 6. Hesabu miruko, sifuri ziache.

Upande wa namba ndogo, chukua chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni karibu mita 0.0000075. Rukisha nukta mpaka ikae baada ya 7: miruko sita, 7.5 × 10⁻⁶. Ukihesabu sifuri zilizo baada ya nukta utapata tano na utakosea mara kumi.

Sheria ya "ukienda kushoto chanya, ukienda kulia hasi" niliacha kuifundisha zamani. Darasa zima huikumbuka, na nusu yake huikumbuka kinyume. Uliza swali moja tu: namba yenyewe ni kubwa kuliko kumi au ni ndogo kuliko moja? Kubwa hupewa kipeo chanya, ndogo hupewa hasi, na iliyo kati ya 1 na 10 ina kipeo cha sifuri. Kurudi kwenye namba ya kawaida ni swali hilo hilo. 9.1 × 10⁻⁴ lazima iwe ndogo kuliko moja, kwa hiyo nukta inakwenda upande unaoifanya iwe ndogo: 0.00091. Kasi ya mwanga, 2.99792458 × 10⁸, lazima iwe kubwa: mita 299,792,458 kwa sekunde.

Naona hukuuliza kuhusu kipeo hasi, lakini najua kitakusumbua, maana maabara imejaa vitu vidogo. Shuka ngazi pamoja nami. 10³ ni 1,000. Gawanya kwa kumi, 10² ni 100. Gawanya tena, 10¹ ni 10. Gawanya tena, 10⁰ ni 1. Watu hushangaa kwa nini kumi kipeo cha sifuri ni moja. Hapo huwezi kuweka kitu kingine chochote bila kuvunja ngazi. Endelea kushuka: 10⁻¹ ni 0.1, 10⁻² ni 0.01. Senti moja ni 10⁻² ya shilingi. Senti ni ndogo, lakini si deni. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimeona watu wazima wakiiona alama ya hasi kwenye kipeo na kudhani namba imezama chini ya sifuri. Kipeo hasi kinasema namba ni ndogo, hakisemi ni hasi. Na kwenye kulinganisha, 2 × 10⁻⁶ ni kubwa kuliko 9 × 10⁻⁷, hata kama 9 inavutia macho. Kipeo kinasomwa kwanza.

Nikisema hivyo huwa namkumbuka Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati wa Kigiriki wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alitaka kukadiria punje za mchanga ambazo zingejaza ulimwengu wote kama baadhi ya wataalamu wa wakati huo walivyoudhania. Jina kubwa la namba katika lugha yake lilikuwa la elfu kumi, kwa hiyo ilimbidi atunge mpangilio mzima wa majina mapya ili aweze kulisema jibu lake. Kwa mwandiko wetu wa leo jibu hilo ni 10⁶³, alama nne tu. Ule mtindo wa kuandika kipeo kwa tarakimu ndogo juu ulikuja kuenea baada ya Descartes, mwanahisabati Mfaransa, kuutumia katika kitabu chake cha mwaka 1637. Kwa hiyo usijione mzito ukihangaika nao. Watu wenye vichwa vikubwa waliishi karne nyingi bila kuupata.

Sasa kuzidisha na kugawanya, na hapa nakupa hesabu utakayoifanya kazini kila siku. Unasoma slaidi nene ya malaria, yaani kioo chenye tone nene la damu, kwenye hadubini. Unahesabu vimelea huku ukihesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200. Tuseme umepata vimelea 350. Desturi ni kuchukulia kwamba mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea kwa mikrolita ni 350 mara 8,000, gawanya kwa 200:

(3.5 × 10²) × (8 × 10³) ÷ (2 × 10²)

Tenga kazi mbili. Namba za mbele: 3.5 × 8 ni 28, gawanya kwa 2 ni 14. Vipeo: 2 jumlisha 3 ni 5, toa 2 ni 3. Una 14 × 10³. Lakini 14 imevuka kumi, kwa hiyo unaipunguza mara kumi iwe 1.4, na ulichokipunguza mbele unakirudisha kwenye kipeo: 1.4 × 10⁴. Vimelea 14,000 kwa mikrolita. Mbele ikipungua kipeo kinapanda, mbele ikikua kipeo kinashuka, kama mizani. Jaribu upande wa pili: 3 × 10² gawanya kwa 6 × 10⁵ ni 0.5 × 10⁻³. Mbele ni ndogo kuliko moja, ikuze iwe 5, kipeo kishuke hatua moja: 5 × 10⁻⁴. Na ukigawanya kwa namba yenye kipeo hasi, kutoa hasi ni kuongeza: 10² ÷ 10⁻³ ni 10⁵.

Bila shaka umeshaitambua ile 1.4E4 yako. Herufi E inasimama badala ya "mara kumi kipeo cha". Si kosa la mashine. 7.5E-6 ni 7.5 × 10⁻⁶. Kuingiza namba hizo nako kuna mtego. Kitufe chenye maandishi EXP, au ×10 yenye x ndogo juu, tayari kina kumi ndani yake. Ukibonyeza 8, alama ya kuzidisha, 10, kisha EXP na 3, umeandika 8 × 10 × 10³, yaani 80,000, mara kumi ya ulichotaka. Bonyeza 8, EXP, 3, basi. Faida nyingine ya kitufe hicho ni kwenye kugawanya. Ukiandika 6 × 10⁵ ÷ 2 × 10³ kwa kutumia alama ya kuzidisha na ya kipeo bila mabano, kikokotoo kinakwenda moja kwa moja kutoka kushoto na kukupa 3 × 10⁸, wakati jibu ni 3 × 10². Kwa EXP kinaiona 2 × 10³ kama namba moja.

Ile mashine ya damu inasema lugha hiyo hiyo, ila kwa lafudhi nyingine. Karatasi yake inaweza kuandika chembe nyeupe 6.8 × 10⁹ kwa lita, chembe nyekundu 4.8 × 10¹² kwa lita, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 245 × 10⁹ kwa lita. Ukiwa makini utauliza: mbona 245 imevuka kumi? Ni kweli, kwa kufuata umbo la darasani ingekuwa 2.45 × 10¹¹. Mashine inapenda vipeo vinavyogawanyika kwa tatu, kwa sababu vinakwenda sambamba na maelfu, mamilioni na mabilioni, na daktari anazoea kuona chembe sahani "mia mbili na kitu" bila kusoma kipeo kila mara. Namba ni ile ile. Ukitaka kwa mikrolita, kumbuka lita moja ina mikrolita 10⁶, kwa hiyo gawanya kwa 10⁶: 245 × 10³, yaani laki mbili na arobaini na tano elfu. Wakongwe wa maabara bado wanazungumza hivyo, na ni vizuri uwaelewe wote wawili, mashine na mkongwe.

Hebu tuizidishe hiyo ya chembe nyekundu, kwa sababu inanifurahisha kila mara. Mtu mzima ana damu kama lita 5. 4.8 × 10¹² mara 5 ni 24 × 10¹², yaani 2.4 × 10¹³. Zipange chembe hizo mstari mmoja, ubavu kwa ubavu, kila moja mita 7.5 × 10⁻⁶. Namba za mbele: 2.4 mara 7.5 ni 18. Vipeo: 13 na −6 ni 7. Una 18 × 10⁷, sawa na 1.8 × 10⁸, mita milioni 180, yaani kilomita 180,000. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni karibu 4 × 10⁷ mita. Damu ya mtu mmoja tu, anayesubiri majibu kwenye benchi nje ya dirisha lako, ingeizunguka dunia mara nne na nusu. Hesabu hiyo imechukua mistari michache, na hakuna mahali tulipoandika msururu wa sifuri.

Kwa nini nakazania kipeo kiasi hiki? Miaka mingi nyuma nilikuwa nafundisha shule moja ya bweni huku kanda ya kati. Ulikuwa mwezi wa kumi, vumbi tupu, kisima kimekauka, tunaletewa maji kwa boza na kuyajaza kwenye tangi la lita 10,000. Kukokotoa dawa ya klorini ilikuwa kazi yangu. Tulitaka miligramu 2 kwa lita. 2 × 10⁻³ gramu mara lita 1 × 10⁴: vipeo −3 na 4 vinatoa 1, basi 2 × 10¹, gramu 20 za klorini. Unga wetu ulikuwa na klorini asilimia 65, kwa hiyo 20 ÷ 0.65, kama gramu 31 za unga. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaandika kipeo 2. Gramu 200, gawanya kwa 0.65, gramu 308. Mtunza stoo akapima 308 kwa uaminifu, kama karatasi yangu ilivyosema.

Jioni mpishi akanifuata ofisini na kikombe mkononi. Hakusema neno, alininyooshea tu. Harufu ilinifikia kabla kikombe hakijafika puani. Hakuna mtoto aliyekunywa, namshukuru Mungu na yule mama, lakini maji yote yale yaliishia kusafishia vyoo, na watoto wakalala wakisubiri boza la kesho yake. Namba ya mbele ilikuwa sahihi kabisa, 2 ni 2. Nilikuwa nimeikagua hiyo mara mbili. Kipeo sikukiangalia tena.

Kosa la tarakimu ya mbele hukutoa pembeni kidogo. Kosa la kipeo hukuzidishia mara kumi, mara elfu. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni kati ya malaria ya kumpa vidonge arudi nyumbani na ile ya kumlaza. Ndiyo maana tangu siku ile nakagua kipeo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Na sasa mvua yako. Ulizidisha kwa 10³ ili kilomita ziwe mita. Kilomita moja ya urefu ni mita 10³, hapo uko sawa. Lakini swali lilitoa kilomita za mraba. Chora mraba wenye upande wa kilomita moja: ni mita 1,000 kwa mita 1,000, 10³ mara 10³, mita za mraba 10⁶. Eneo la mkoa ni 4.1311 × 10⁴ mara 10⁶, sawa na 4.1311 × 10¹⁰. Wewe ulipata 4.1311 × 10⁷. Umepoteza elfu moja nzima hapo.

Kisha ukachukua milimita 570 ukaandika 5.7 × 10², ukazizidisha na mita za mraba bila kuzigeuza. Milimita ni 10⁻³ ya mita, kwa hiyo kina cha mvua ni 5.7 × 10² mara 10⁻³, yaani 5.7 × 10⁻¹, mita 0.57. Umeongeza elfu moja hapo. Elfu iliyopotea na elfu iliyozidi zikakutana katikati, na jibu likatoka kama la mwalimu:

4.1311 × 10¹⁰ × 5.7 × 10⁻¹ = 23.547 × 10⁹ = 2.35 × 10¹⁰

Niliiacha 23.547 ikawa 2.35 baada ya kurekebisha, kwa sababu mvua yenyewe tumepewa kama 570, na kuandika tarakimu zote ni kudai usahihi ambao kipimo cha mvua hakina.

Kama bado unasikia uchungu wa zile alama tatu, ipime njia yako kwenye kitu unachokifahamu. Kiwanja cha ishirini kwa thelathini, kama vile vinavyopimwa huko Nkuhungu. Eneo ni 6 × 10² mita za mraba, hakuna kilomita ya kugeuza. Kwa njia sahihi, mvua ya mwaka ni 6 × 10² mara 5.7 × 10⁻¹, sawa na 34.2 × 10¹, mita za ujazo 3.42 × 10². Kwa njia yako ni 6 × 10² mara 5.7 × 10², mita za ujazo 3.42 × 10⁵. Hayo ni maji yenye kina cha mita 570 juu ya kiwanja kimoja, hapa Dodoma ambako tunaangalia mawingu mpaka shingo inauma. Hapa hapakuwa na kosa la pili la kukuokoa. Mwalimu wako aliiona hatari hiyo kwenye karatasi yako. Mimi ningekupa alama mbili, kwa kuwa umeandika kila hatua na vipeo umevijumlisha sawasawa, lakini nne nisingekupa.

Dawa yake ni kuandika kipimo pembeni mwa kila namba mpaka mstari wa mwisho. Ungeandika "km²" na "mm" karibu na zile namba, macho yako yangekataa kuzizidisha zikiwa hivyo. Maabara utakutana na lita, mililita na mikrolita kwenye hesabu moja, na kila moja iko hatua ya 10³ kutoka kwa mwenzake, tofauti ile ile iliyokunyima alama.

Jaribu hii kabla hujalala. Paa la bati lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10, mvua ya milimita 20 imenyesha usiku mmoja, na mita moja ya ujazo ni lita 10³. Lita ngapi zimeshuka juu ya paa? Jibu ni 1.6 × 10³. Ukipata 1.6 × 10⁶, rudi kwenye milimita.